Njia ya kufikia ubingwa wa dharura za watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya ni ya wanafunzi wa tiba, majeneralisti (madaktari wasio na ubingwa bado) na wauguzi wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi wanaotaka kufanya kazi pale mlangoni, mahali mtoto anapoingia amezirai mikononi mwa mama na hakuna muda wa kufungua kitabu. Swali linalohitaji mstari mmoja limejibiwa kwa mstari mmoja. Mengine yamechukua nafasi zaidi kwa sababu ndiyo yanayowapotezea watu miaka.

Dharura za watoto ni kazi gani hasa? Si pediatria ile ile?

Ni pediatria ya saa ya kwanza, pamoja na mambo ambayo pediatria ya wodini haigusi. Daktari wa wodi anauliza mtoto ana ugonjwa gani. Wa urjansi (idara ya dharura) anauliza ni nini kitakachomuua kabla jibu la maabara halijatoka. Chukua mtoto wa miaka 2 aliyeletwa usiku kwa pikipiki kutoka mtaa wa Katuba: ana degedege, viganja vyeupe, anahema mbiombio. Kabla ya kubishana kama ni malaria kali, drepanositozi (selimundu) au homa ya uti wa mgongo, kichwa kinawekwa sawa, makohozi yanatolewa, oksijeni inafunguliwa, na tone la damu linaenda kwenye glukometa. Sukari ikiwa chini ya 2.5 mmol/l (45 mg/dl), anapata glukozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Kwa mwenye utapiamlo mkali mpaka ni 3 mmol/l (54 mg/dl). Mambo hayo yote yanatakiwa yaishe wakati mtu wa mapokezi bado anaandika jina kwenye fishi.

Ongeza majeraha ya barabarani, maji ya moto, mifupa iliyovunjika, sarafu iliyokwama kooni, mafuta ya taa yaliyonywewa kutoka chupa ya soda. Hilo la mwisho peke yake linatosha kuonyesha kwa nini kazi hii ina mafunzo yake: silika ya kila mtu nyumbani ni kumtapisha mtoto, na kumtapisha ndiko kunakopeleka mafuta kwenye mapafu.

Marekani ilifanya mtihani wa kwanza wa ubingwa huu mwaka 1992, na tangu siku hiyo waliacha milango 2 wazi: wa pediatria na wa tiba ya dharura. Karibu kila nchi iliyofuata ina milango hiyo hiyo.

Ni miaka mingapi kwa jumla?

Kuanzia diploma ya Serikali (ya kumaliza sekondari): tiba miaka 6 au 7, kulingana na programu uliyoingia nayo. Ubingwa wa kwanza, miaka 4 au 5 kwa kawaida hapa nchini, 3 au 4 katika baadhi ya nchi jirani. Juu yake, ubingwa bobezi wa mwaka 1 hadi 3. Weka akilini miaka 11 ukibahatika sana na 15 ukienda mwendo wa kawaida, na hapo migomo ya maprofesa haijahesabiwa, wala miaka utakayofanya kazi kama jeneralisti ili kupata pesa ya kuendelea.

Nipitie pediatria kwanza, au tiba ya dharura kwanza?

Hili ndilo swali lenyewe. Wengi wanalijibu kwa kuangalia jina la diploma au nchi ya kwenda. Ni afadhali kulijibu kwa kuangalia chumba utakachorudi kufanya kazi.

Katika hospitali zetu nyingi mtoto mwenye homa au degedege hapiti kwenye urjansi ya watu wazima. Anapelekwa pediatria, na huko ndiko kuna kitanda chake cha dharura, oksijeni yake na zamu yake. Aliyegongwa na gari au kuungua anaenda upasuaji. Kwa hiyo daktari aliyesomea tiba ya dharura akirudi na diploma nzuri anaweza kukuta kwamba mkuu wa pediatria hana nafasi yake, na urjansi ya watu wazima haipokei watoto. Aliyepitia pediatria hana shida hiyo: idara inamjua, anaingia, kisha anaanza kupanga upya chumba cha mlangoni.

Upande wa pili, pediatria inaacha mapengo. Unaweza kumaliza miaka yote bila kurudisha mkono ulioteguka hata mmoja, bila kushona uso, na ukiwa umetia bomba la koromeo mara chache tu, kwa sababu kila wakati mtu wa anestezi (dawa za usingizi) alikuwa karibu. Ultrasaundi ya kando ya kitanda huwa inabaki mikononi mwa radiolojia. Ukichagua mlango huu, ujue mapema kwamba ubingwa bobezi wako lazima uwe na miezi ya majeraha, anestezi na upasuaji wa watoto. Programu isiyo nayo itakurudisha na pengo lile lile.

Aliyepitia tiba ya dharura ana mikono hiyo. Mapengo yake yako kwingine, hasa kwa mtoto mchanga na mtoto mwenye utapiamlo. Mfano unaojirudia: mtoto wa kilo 8, amekonda, anahara, macho yameingia ndani. Daktari aliyezoea watu wazima anafungua serumu (maji ya mshipani) kwa kasi. Moyo wa mtoto huyu hauwezi kubeba maji hayo, na ngozi yake inadanganya, kwa kuwa mtoto aliyekonda ngozi yake hubaki imekunjika hata kama hana upungufu wa maji. Anayejua atampa ReSoMal (maji ya chumvi na sukari ya wenye utapiamlo) kwa mdomo au kwa mpira wa puani, mililita 5 kwa kilo kila nusu saa kwa saa 2 za kwanza, yaani mililita 40 kwa kila awamu, huku akihesabu pumzi na mapigo kabla ya awamu inayofuata. Serumu ya mshipani anaiacha kwa mshtuko tu.

Kwa mtu anayekusudia kurudi Katanga, mlango wa pediatria ndio tunaoupendekeza. Kwa anayelenga hospitali ya kampuni ya mgodi, au shirika la kibinadamu, au urjansi inayopokea watu wa umri wote, tiba ya dharura inaweza kumfaa zaidi, mradi adai angalau miezi 6 ya watoto ndani ya mafunzo yake, pamoja na wachanga.

Na anestezi na reanimasyoni (uangalizi mahututi)?

Inakupa njia ya hewa, mashine za kupumulia na dawa za usingizi kuliko milango mingine yote. Lakini itakuvuta kwenye chumba cha upasuaji, na kutoka huko ni kugumu: wataalamu ni wachache na ratiba ya upasuaji haikusubiri.

Naweza kufanya ubingwa wa pediatria bila kutoka nchini?

Ndiyo. Lubumbashi kuna kitivo cha tiba cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), chenye Cliniques Universitaires, na hospitali ya Jason Sendwe ambayo wanafunzi wa mjini wanaijua vizuri kwa staji. Bukavu kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinachofanya kazi na hospitali kuu ya mkoa. Kinshasa kuna UNIKIN (Chuo Kikuu cha Kinshasa) na kliniki zake, na pia hospitali ya watoto ya Kalembe-Lembe.

Kabla hujaandika barua ya kuomba nafasi, nenda kaone zamu moja ya usiku. Angalia mambo machache tu. Nani anaamua saa 9 za usiku: asistanti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa kwanza peke yake, au kuna mkubwa anayefika akiitwa? Damu inachukua muda gani kutoka benki ya damu hadi kwenye mshipa? Umeme ukikatika, mashine ya oksijeni inahamia kwenye jenereta au mtu anakimbia kutafuta chupa? Majibu ya maswali haya yatakuambia utajifunza nini kwa miaka 4 kuliko karatasi yoyote ya programu.

Afrika Mashariki na Kusini kuna nini kwa mtu wa Lubumbashi?

Kuna mengi kuliko watu wanavyodhani, na lugha inatusaidia.

Dar es Salaam: Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) kina shahada ya uzamili ya tiba ya dharura ya miaka 3, iliyoanza sambamba na idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliyofunguliwa mwaka 2010. Darasani ni Kiingereza, lakini kitandani mama anaeleza ugonjwa kwa Kiswahili. Kiswahili chetu cha Katanga kitawachekesha wiki ya kwanza, kisha utazoea. Usidharau faida hiyo: daktari anayekwenda nchi asiyojua lugha yake hupoteza mwaka mzima akimtegemea muuguzi kutafsiri. Utahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari la Tanganyika kabla ya kugusa mgonjwa.

Nairobi: Chuo Kikuu cha Nairobi kina mafunzo bobezi ya dharura na uangalizi mahututi wa watoto, miaka 2, kwa mtu ambaye tayari ni daktari bingwa wa watoto. Kwa aliyemaliza pediatria hapa nchini, hii ndiyo programu iliyo karibu zaidi na kazi anayoitaka: magonjwa yanafanana, na vifaa havijapishana sana na vyetu. Kenya na Tanzania ziko pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, lakini hilo halifuti leseni. Baraza la kila nchi linadai karatasi zake.

Cape Town: Hospitali ya watoto ya Red Cross War Memorial, iliyofunguliwa mwaka 1956, ina kitengo cha majeraha cha watoto peke yao. Chuo Kikuu cha Cape Town kinaendesha programu ya kufundisha madaktari wa watoto wa Afrika taaluma ndogo za pediatria, ikiwemo uangalizi mahututi. Sharti lake ndilo linalowashinda wengi: lazima hospitali yako ikupendekeze na ikubali kukupokea ukirudi. Huwezi kujiombea peke yako. Ukiwa na lengo hilo, mazungumzo na mkurugenzi wa hospitali yanaanza miaka 2 kabla, na yanaishia kwenye barua yenye muhuri. Ahadi ya mdomo haihesabiki.

Ufaransa na Ubelgiji, kwa sababu tumesoma kwa Kifaransa?

Ufaransa ina njia 2 zilizotengenezwa kwa madaktari wa nje ya Ulaya. DFMS ni ya aliye katikati ya ubingwa nchini kwake, na huchukua semesta 2 hadi 6. DFMSA ni ya aliyekwisha kuwa bingwa, semesta 1 au 2. Maombi yanakusanywa na Chuo Kikuu cha Strasbourg kwa vyuo vyote, na faili hupitia ubalozi wa Ufaransa. Dirisha la maombi hufungwa mapema, karibu mwanzo wa mwaka, kwa masomo yanayoanza Novemba. Anayeanza kutafuta karatasi mwezi wa Desemba amekwisha chelewa. Na elewa jambo moja: diploma hizi hazikupi haki ya kutibu Ufaransa baada ya masomo. Zimekusudiwa urudi.

Wafaransa wenyewe wanapita kwingine: pediatria miaka 5, au tiba ya dharura miaka 4 tangu ilipopewa diploma yake mwaka 2017, kisha mwaka mmoja wa nyongeza wa urjansi za watoto. Ukipata DFMSA, omba uwekwe kwenye idara inayofundisha mwaka huo wa nyongeza. Hapo utakaa kwenye masomo yale yale na wenzako.

Ubelgiji inatoa ruhusa ya mafunzo yenye mipaka kwa daktari wa nje, na vyuo vyake vina uhusiano wa zamani na vyuo vyetu. Mara nyingi mlango ni profesa wako anayemjua profesa wa kule, kwa hiyo anza naye.

Marekani, Canada, Uingereza?

Marekani: pediatria miaka 3 kisha ubobezi miaka 3, au tiba ya dharura miaka 3 hadi 4 kisha ubobezi miaka 2 hadi 3. Unaanza upya ubingwa hata kama ulikwisha kuwa daktari wa watoto hapa. Kabla ya hapo kuna cheti cha ECFMG, cha madaktari waliosoma nje ya Marekani: mitihani ya leseni ya USMLE, Step 1 ambayo tangu mwaka 2022 ni kufaulu au kufeli tu, na Step 2 CK, ambayo alama yake bado inahesabiwa sana. Kila mmoja unazidi dola 900. Wengi huenda kwa viza ya J-1, ambayo inadai barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako kusema taaluma hiyo inahitajika, na baada ya masomo unatakiwa kurudi nyumbani miaka 2 isipokuwa upate msamaha. Barua hiyo inatoka Kinshasa. Ipe miezi.

Canada: ubobezi wa miaka 2 baada ya pediatria au tiba ya dharura. Montreal kuna hospitali ya Sainte-Justine inayofanya kazi kwa Kifaransa.

Uingereza: kuna mpango wa MTI, wa mafunzo ya muda kwa madaktari wa nje, unaopitia vyuo vya madaktari, miezi 24 isiyozidi, kisha unarudi. Kwa aliye katikati ya pediatria ni njia inayoeleweka kuliko PLAB, mtihani wa leseni wa madaktari wa nje. Kiingereza kinatakiwa cha kweli, kwa mtihani wa lugha: IELTS 7.5 kwa wastani na kila sehemu isipungue 7, au OET daraja B. Wenye Kifaransa huangukia kwenye kuandika, si kwenye kusikia. Jizoeze kuandika barua ya kumhamisha mgonjwa, kila siku moja, kwa miezi 6.

Niko jeneralisti hospitali ya pembeni. Nifanye nini mwaka huu?

Tengeneza kona ya dharura na daftari. Havihitaji bajeti kubwa, na ndivyo vitakavyokufundisha na kukupa kitu cha kuonyesha kwenye maombi.

Kona ni meza moja iliyo mahali muuguzi anapoiona. Iwe na ambu (mfuko wa kupulizia pumzi) ya mtoto na ya mchanga pamoja na maski zake za ukubwa 0, 1 na 2, mashine ya kunyonya makohozi, hata ya mguu, mashine ya oksijeni yenye vipira vya puani vya watoto, glukometa na vipimo vyake, diazepamu, na glukozi ya asilimia 50 iliyobandikwa karatasi ya kuichanganya. Karatasi hiyo ni muhimu kuliko dawa yenyewe. Asilimia 50 ikiingizwa ilivyo kwenye mshipa wa mtoto inauchoma, na ikivuja inaua ngozi. Kupata asilimia 10, sehemu 1 ya glukozi kwa sehemu 4 za maji ya sindano: kwenye seringi ya 10 ml, vuta 2 ml za glukozi, jaza 8 ml za maji. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 50 ml, yaani seringi 5 za namna hiyo. Acha muuguzi wa zamu azichanganye mbele yako mara 3. Utashangaa wangapi wanageuza hesabu saa 8 za usiku.

Kwa degedege: diazepamu 0.5 mg kwa kilo kwa njia ya haja kubwa, ikiwa mshipa haujapatikana. Watu hupoteza dakika 10 wakitafuta mshipa kwenye mkono unaotetemeka.

Uzito: pima kila mara inapowezekana. Ikishindikana, umri ukijumlisha 4, zidisha kwa 2. Miaka 2 inatoa kilo 12. Kwa aliyekonda hesabu hiyo inamzidishia dawa. Uzito ukikosewa, na artesunate, dawa ya malaria kali, inakosewa: chini ya kilo 20 dozi ni 3 mg kwa kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 anapata 36 mg. Bado kuna kuta zilizobandikwa 2.4 kwa kila mtu, na mtoto huyo anaishia na chini ya 29 mg. Ondoa karatasi hizo.

Daftari liwe na safu hizi: saa ya kuingia, saa ya sukari, saa ya oksijeni, saa damu ilipoanza kuingia, uzito na jinsi ulivyopatikana, mtoto aliondokaje. Hakuna majina. Baada ya miezi 3 utaona dakika zinapotelea wapi. Kwa kawaida zinapotelea kwenye dirisha la kulipia na kwenye kutafuta mtu wa kutoa damu, mahali ambapo hakuna kitabu cha tiba kinachopatazama. Hiyo ni mada ya memwari (tasnifu) iliyo tayari, na profesa yeyote wa Nairobi au Lyon akiiona ataelewa kwamba umekuwa kazini.

Kozi fupi zina thamani?

Zina, kwa mpangilio huu. Kwanza TETU, kozi ya WHO ya kupanga, kupima na kutibu watoto wa dharura, inayojulikana pia kama ETAT. Ni ya siku 3 na nusu, haihitaji vifaa vya gharama, na wauguzi wanaifanya pamoja na madaktari. Kisha ufufuaji wa mtoto mchanga. Kisha kozi ya msingi ya dharura ya WHO na Msalaba Mwekundu ya mwaka 2018, siku 5. PALS, kozi ya Kimarekani ya ufufuaji wa watoto, iwe ya mwisho: cheti chake kinaisha baada ya miaka 2, kwa hiyo ukiichukua mapema mno kitakuwa kimekufa siku unayokihitaji.

Karatasi zinakwama wapi?

Kwenye majina. Sisi tuna jina, postnom (jina la pili la ukoo) na jina la ubatizo; fomu za nje zina nafasi 2. Mtu tutakayemwita Ilunga Kasongo Merveille anakuwa Merveille Ilunga kwenye fomu ya kwanza, Kasongo Merveille kwenye ya pili, na kompyuta inaona watu 2. Angalia pasipoti inavyoyapanga, kisha ifuate pasipoti kila mahali, hadi kwenye risiti ya mtihani. Diploma ikiwa na herufi tofauti, irekebishe hapa, kabla ya kutuma chochote.

Pili, matokeo ya kila mwaka. Nchi nyingi zinataka karatasi ya alama ya kila mwaka wa masomo, na baadhi hudai chuo ndicho kithibitishe, wewe usiguse. Maana yake mtu wa aparitora (ofisi ya chuo inayotunza alama) lazima ajibu. Mpelekee namba ya faili mkononi, na urudi. Tatu, cheti cha mwenendo kutoka Ordre des Médecins (baraza la madaktari): wapokeaji wengi hawakubali chenye zaidi ya miezi 3, kwa hiyo kiombe mwisho. Nne, tarehe: mwaka wa akademi uliochukua miezi 18 kwa sababu ya mgomo unaonekana kama ulirudia darasa. Omba barua ya kitivo inayoeleza.

Ukirudi na diploma ya nje, unapitia usawazishaji kwenye wizara ya elimu ya juu, kisha unarudi Ordre kuandikwa kama bingwa. Beba programu ya masomo yenye saa na miezi. Diploma peke yake haielezi ulifanya nini.

Programu niiulize nini kabla ya kukubali?

Watoto wangapi wanaingia urjansi kwa mwaka, na je, wanahesabiwa mbali na watu wazima. Mwanafunzi wa mwaka uliopita aliingiza bomba la koromeo mara ngapi, na sindano ya mfupa mara ngapi. Mkubwa yupo usiku au yuko kwenye simu. Wewe mgeni utagusa mgonjwa, au utasimama nyuma? Hili la mwisho liulize kwa aliyekutangulia, kwa simu, siyo kwa sekretari. Kuna mafunzo yenye jina kubwa ambayo mgeni anamaliza mwaka akiwa mtazamaji, na anarudi na picha nzuri.

Pesa?

Asistanti wengi hapa hulipa ada ya ubingwa huku wakifanya zamu, na primu (posho) haitoshi nyumba. Panga miezi 12 ya matumizi kabla ya kuacha kazi. Bursi (ufadhili wa masomo) nyingi zina kikomo cha umri na sharti la kurudi. Soma mistari hiyo 2 kwanza, kabla ya kusoma kiasi.

Mimi ni muuguzi. Kuna njia?

Ipo, na ina uzito. Mtu wa kwanza kumwona mtoto ni wewe. Aliyetoka ISTM (chuo cha juu cha ufundi wa tiba) na kufanya TETU, akapewa mamlaka ya kuvusha mtoto mbele ya foleni bila kusubiri daktari wala risiti, anaokoa muda ambao hakuna bingwa anayeweza kuurudisha. Dai mamlaka hayo yaandikwe na wakuu wa hospitali. Bila karatasi, siku familia ya mbele ya foleni itakapokasirika, utakuwa peke yako.

Kuna mtu WhatsApp anasema ana nafasi Ulaya kwa dola 1500.

Hakuna. Programu zote zilizotajwa hapa hupokea maombi moja kwa moja au kupitia ubalozi na hospitali yako. Anayetaka utume kwa M-Pesa au Airtel Money kwenye namba ya mtu binafsi hana nafasi ya kuuza.

Nitakayojifunza kule yatatumika Sendwe au Kipushi?

Mengi, ila yapitishe kwenye chujio. Mfano mkubwa ni maji ya mshtuko. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilifundisha kumwaga 20 ml kwa kilo haraka, kisha kurudia. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa na damu isiyozunguka vizuri, ulionyesha kwamba waliomwagiwa maji hivyo walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu 10.6% dhidi ya 7.3% kwa wasiomwagiwa. Wengi wao walikuwa na malaria na anemia, watoto wale wale wa kwetu. Mtoto mwenye viganja vyeupe anahitaji damu. Ukimjaza serumu unaipunguza nguvu ile kidogo aliyonayo.

Lakini usiligeuze funzo hilo kuwa woga wa serumu. FEAST haikuchukua watoto wa kuhara. Mtoto wa kipindupindu aliyekauka, asiye na utapiamlo mkali, anahitaji 100 ml kwa kilo, na kwa haraka: chini ya mwaka 1, 30 ml kwa saa ya kwanza na 70 kwa saa 5 zinazofuata, zaidi ya mwaka, 30 ml kwa nusu saa na 70 kwa saa 2 na nusu. Kwa hiyo ukiwa kule, kila wanapokufundisha kipimo, muulize mwalimu kilipimwa kwa watoto wa wapi, wenye hemoglobini ngapi, na mashine gani ilikuwa nyuma yao mambo yalipoharibika. Mwalimu mzuri hatakasirika. Andika jibu lake kwenye daftari lile lile la saa na dakika.